Ulimi wa Oyoo

Katika kiwanda kimoja cha chai nje kidogo ya Kericho, ulimi wa Oyoo ulikuwa sheria. Miaka ishirini na miwili alivuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kelele isiyo na adabu, akaisukutua, akaitema, akatoa hukumu: hii imechachuka kupita kiasi, hii imeungua kwenye mashine ya kukausha. Mameneja walikuja wakaenda, yeye akabaki na aproni yake. Maringo pia alikuwa nayo, tusifichane.

Pua yake ilipoanza kuziba mwaka jana, alilaumu vumbi la chai. Akanunua dawa ya matone, akaufyata ulimi, maana muonjaji asiyenusa ni nani? Hata mkewe, Loice, alijua tu damu ilipoanza kulowesha mto.

Kipande cha nyama kikatolewa puani, kikapimwa. Majibu yakarudi na jina la kutisha: limfoma ya puani, saratani ambayo madaktari wengi huisoma tu vitabuni. Daktari Nyabate, wa hospitali moja ya Nakuru, hakuwazungusha. Ugonjwa ulikuwa bado hatua ya kwanza, haujatoka puani. Ungetibiwa kwa vitu viwili, kemo na mionzi ya wiki tano. Kimoja bila kingine hakingetosha.

Kemo ilimnyonyoa nywele na kumtapisha, lakini baada ya awamu ya tatu pua ikafunguka. Asubuhi moja, akiwa mlangoni, akaapa kwamba amesikia harufu ya majani yakinyaushwa kiwandani. Akalia waziwazi, mtu mzima. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza, kwa kuwa daktari alikuwa amewaonya: mionzi ingeweza kumwondolea ladha kwa miezi, pengine kwa maisha.

"Nimepona," akamwambia Loice. "Sasa wanichome ulimi nikule nini?"

"Baba Maxine, daktari alisema tusikatize."

"Daktari haonji chai."

Jumatatu ya kuanza mionzi ikafika, naye akavaa aproni badala ya koti la safari. Loice akasihi, akanuna, akaomba. Sikio la kufa halisikii dawa. Jumanne ya wiki iliyofuata akachoka kusihi, akaenda kiwandani kumtafuta Winny, muonjaji msaidizi aliyefunzwa kazi na Oyoo mwenyewe. Wakazungumza kidogo nyuma ya stoo, kisha wakaingia pamoja.

Winny akapanga vikombe vitano mezani. Oyoo akavuta, akatema, akanyoosha mgongo. Cha kwanza kizuri, soko litakipenda. Cha pili kimechachuka mno. Cha tatu hafifu. Cha nne kina moshi. Cha tano, sasa hii ndiyo chai ya Kericho!

Winny akafuta mikono. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mzee, unisamehe. Hizi vikombe zote nimejaza kutoka kwa birika moja."

Oyoo akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Tangu mwaka jana, ukimaliza kuandika hukumu zako, mimi narudia kuonja, nabadilisha. Sikutaka wakutoe. Nilidhani nakusaidia."

Akavionja tena kimoja kimoja, polepole, safari hii bila kelele. Maji ya moto. Maji ya moto. Hofu ambayo hata jina la saratani halikumtia ikamshika pale pale: wiki nzima alikuwa akilinda duka lililokwisha kuibiwa, na mwizi bado yumo ndani.

"Mionzi ilikuwa saa ngapi?" akamwuliza mkewe.

"Saa mbili asubuhi, Baba Maxine. Ya Jumatatu ya wiki jana."

"Piga simu. Waambie niko njiani."

Alikuwa amekwisha fika langoni, aproni ingali shingoni. Loice akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.