Wivu wa Mwalimu Breki

Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa sababu neno hilo alilisema kuliko maneno mengine yote. Alifundisha udereva kwa gari dogo jeupe lenye kibao juu ya paa, yeye akiketi kushoto, mikono mapajani, mguu wa kulia ukiwa tayari juu ya pedali yake. Magari ya mafunzo huwa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, zimeunganishwa chini kwa chuma kimoja. Mwalimu akikanyaga ya kwake, ya mwanafunzi nayo inazama. Miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kugonga wala kugongwa, na kwa jambo hilo alikuwa na maringo kidogo, yale ya mtu mnyamavu.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia. Ndani ya nyumba waliitana kwa kazi zao, yeye "fundi" na mumewe "mwalimu", utani wa siku za uchumba uliosahau kuondoka.

Alasiri moja mwalimu alikuwa anampeleka fundi kwa mteja kupima madirisha, yeye kwenye usukani, fundi kwenye kiti cha mwalimu. Kwenye njia panda karibu na kiwanda cha sabuni, pikapu iliyobeba magodoro haikusimama kwenye mstari wake. Ililipiga gari jeupe ubavuni, upande wa kushoto, upande wa fundi.

Gari likigongwa kwa mbele, kuna boneti na injini vya kupokea pigo. Likigongwa kwa nyuma, kuna buti. Ubavuni hakuna kitu. Kuna mlango mwembamba kama kiganja, na baada ya mlango kuna mtu.

Fundi alivunjika mbavu, nyonga ikapata ufa, bega likatoka mahali pake. Breki alitoka na mchubuko puani, alipochunwa na miwani yake mwenyewe. Watu waliofika hospitali walimpa pole wakimtazama juu hadi chini, wakitafuta pa kuielekeza hiyo pole, naye akauonea aibu uzima wake.

Kampuni ya bima ya ile pikapu ilikataa kulipa. Walidai gari jeupe lilisimama ghafla katikati ya njia panda bila sababu, na kwamba lingeendelea tu, pikapu ingepita nyuma yake. Breki mwenyewe aliwaambia polisi kuwa gari lilisimama. Limesimamishwa na nani, hakuulizwa na hakusema. Daktari naye alikuwa ameshasema nyonga ile inahitaji upasuaji, la sivyo fundi atachechemea maisha yake yote, na cherehani ya kukanyaga aisahau. Bila fidia, upasuaji ulikuwa ndoto. Ndipo kaka yake fundi akamleta wakili.

Wakili hakuwa mzuri wa sura. Angekuwa mzuri wa sura, Breki angejua la kumfanya. Alikuwa mtu mfupi, mwenye viatu vilivyochoka, lakini alikuwa na jambo moja baya zaidi ya uzuri: alijua kunyamaza. Akiuliza swali, alisubiri. Alisubiri mpaka jibu la kwanza, lile la adabu, lipite, kisha la pili, kisha litoke lile lenyewe. Kwa kuwa fundi hakuweza kupanda ngazi za ofisi yake, alikuja nyumbani kila Jumamosi, akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, kiti cha Breki.

"Dada, ukilala unalalia upande gani?" aliuliza Jumamosi ya kwanza.

Breki alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. "Wakili, na ya kitandani nayo yanaenda mahakamani?"

"Yanaenda, shemeji. Hakimu hawezi kuuona uchungu. Lazima aone siku nzima ya mgonjwa, toka anavyoamka."

"Shemeji tangu lini?"

"Mwalimu, weka chai," alisema fundi. Kisha akamgeukia wakili, akasema. Alisema analala chali kama maiti, kwa sababu akilalia kulia mbavu zinamchoma, na kushoto ni kwenye nyonga. Alisema alfajiri maumivu yakimwamsha huuma taulo, ili aliye pembeni yake asishtuke. Alisema mkono haupandi juu ya sikio, na pazia hutundikwa juu ya kichwa, kwa hiyo sasa yeye ni fundi wa mapazia ya watu wafupi. Akacheka, akajishika ubavu, na wakili akaandika hata kule kujishika.

Breki alibaki na sinia mikononi. Aliye pembeni ni yeye. Kila asubuhi alimuuliza mkewe, "Unaendeleaje?" na kila asubuhi akajibiwa, "Naendelea vizuri, mwalimu." Taulo lile alikuwa ameliona. Alidhani ni la jasho.

Tangu siku hiyo wivu ukaingia nyumbani kama moshi, bila kubisha hodi. Breki hakuwa na la kushtaki. Hakuna mkono ulioshikwa, hakuna jicho lililokaa mahali pasipofaa. Kilichochukuliwa hakikuwa na jina. Ijumaa jioni fundi alianza kukumbuka mambo. Alipika akikumbuka, akasema peke yake, "Hili lazima nimwambie wakili." Alichana nywele zake vizuri Jumamosi, na hilo Breki aliliona, kwa sababu ndiye aliyemshikia kioo.

Kinyozi wake hakumsaidia. "Naona wakili amehamia kwako," alisema akimpitishia mashine shingoni. "Mwambie basi achangie umeme."

"Anakuja kwa kazi."

"Hata mimi nakushika kichwa kwa kazi. Ila sijui unaota nini."

Waliokaa kibarazani walicheka wote. Breki akacheka pia, akalipa, akaondoka na upande mmoja haujamalizwa vizuri.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo wakili alisimama, akafunga kalamu, akasema kwa upole, "Shemeji, leo naomba nizungumze na dada peke yetu."

Breki alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sakafu.

Alitoka uani, akaanza kuliosha gari lililokuwa safi. Mlango mpya wa kushoto ulikuwa wa rangi ya kijivu, wa gari jingine, na aliusugua mpaka vidole vikauma. Dirishani zilitoka sauti, si maneno. Sauti ya fundi ilikuwa chini sana, ikakatika, ikaanza tena. Analia, alijua. Analia mbele ya mwanamume mwingine, na mimi nashika ndoo.

Wakili alipoondoka, macho ya fundi yalikuwa mekundu.

"Mmezungumza nini?"

"Mambo ya kesi."

"Kesi ambayo mimi siijui?"

"Ni kesi yangu, mwalimu."

Jumatatu Breki aliahirisha wanafunzi wake, akapanda ngazi za ofisi ya wakili. Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, faili zimepangwa mpaka kwenye kingo za dirisha.

"Nataka kujua mke wangu alikuambia nini."

"Siwezi, shemeji."

"Niache na shemeji yako! Mimi ndiye mumewe."

"Najua. Kwako ni mke, kwangu ni mteja. Alichoniambia ni chake. Akitaka, atakuambia mwenyewe."

"Basi tunahamia kwa wakili mwingine."

Wakili alinyamaza kwa namna yake ile. Breki aliuona mtego, akakaza meno asitumbukie.

"Hilo nalo ni lake," alisema wakili mwishowe. "Aje aniambie yeye, nami nitalikabidhi faili siku hiyo hiyo. Ila kesi inasikilizwa mwezi huu. Mwingine ataomba iahirishwe, ajifunze upya. Mfupa ule hausubiri mahakama."

Breki alishuka ngazi akiwa na hasira ya mtu aliyejibiwa vizuri.

Nyumbani alimkuta fundi ameketi mbele ya cherehani, hashoni, amelaza tu kiganja juu ya kitambaa. Akamwambia hapo hapo, bila kukaa. Achague. Ama wakili yule aondoke na siri zake, ama Breki asihesabiwe tena katika kesi hii, wala ushahidi hatatoa.

Fundi aliondoa kiganja juu ya kitambaa. "Kweli umefika huko?"

"Nimefikishwa."

"Sawa. Chukua." Akavuta pumzi mpaka pale mbavu zinaporuhusu. "Mimi ndiye niliyesimamisha gari. Niliona pikapu inakuja, mguu ukakanyaga ile pedali yako. Sikuuamuru. Kama si mimi tungepita. Haya, umeridhika? Ndiyo niliyokuwa namwambia. Kwamba nyonga hii nimejivunja mwenyewe."

Breki alivuta kigoda, akakaa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Breki ilizama chini ya kiatu changu kabla sijaikanyaga. Nilijua ni wewe, tangu siku ile."

Alidhani mkewe atalia. Alidhani, kwa ujinga wake, labda atashukuru. Fundi aligeuka taratibu, mwili wote kwa pamoja, kama wanavyogeuka watu waliovunjika mbavu.

"Miezi yote hii jambo hili linanila, na wewe unalo mfukoni?"

"Nilikuwa nakusitiri."

"Ulikuwa unajisitiri mwenyewe! Nikikuambia naumwa, unageuza uso kama mtu aliyetukanwa. Nikakuonea huruma, nikaacha kusema. Nimhurumie nani tena, mwalimu? Mimi ndiye niliyevunjika. Wakili nimemwambia kwa sababu yeye hakuwemo ndani ya gari."

Lililomuuma Breki zaidi, na alijiona mdogo kwa kuliona, ni kwamba siri ile ilikuwa yao wawili. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake kwa upendo wake. Angeweza kupewa yeye kwanza. Alipewa mtu wa tatu, mwenye viatu vilivyochoka.

Jumamosi iliyofuata, Breki akiwepo, wakili alishauri jambo hilo lisemwe na wao wenyewe, mapema, kabla upande wa pili haujalichomoa. Kukanyaga breki kwa hofu hakumwondolei makosa aliyepita bila kusimama, alieleza, lakini kulificha kutawafanya waonekane waongo katika kila kitu. "Na wewe, shemeji, usijifanye shujaa. Najua unatamani kusema ulikanyaga wewe. Utamzamisha." Breki alichukia kusomwa namna hiyo, tena na yule.

Siku ya kesi alikalishwa kwenye benchi la nje. Shahidi hasikilizi ushahidi wa mwenzake. Mlango ulifungwa, fundi akiwa ndani na wakili, na kwa mara nyingine tena ikawa ni kusikia sauti bila maneno. Mara ikasikika hata sauti ya watu kucheka. Amewaambia ya mapazia ya watu wafupi, aliwaza, na roho ikamchoma, maana mzaha ule naye aliupenda.

Zamu yake ilipofika, wakili wa bima alimsogelea. Alikuwa amejiandaa, ilionekana, kumshangaza mtu.

"Mwalimu wa udereva. Ni nani aliyesimamisha gari lako?"

Jina lake mwenyewe lilikuwa ulimini, tamu.

"Mke wangu," alisema. "Kwa pedali ya mwalimu. Kiti kile nakijua. Ukikaa pale ukaona gari linakuja, mguu hauombi ruhusa. Mwenye kosa la pedali ni mimi. Kabla ya kumpakia abiria huwa inapaswa kufunguliwa na kutolewa, nami sikuifungua. Lakini ile pikapu haikusimama kwenye mstari. Hata tungekuwa jiwe pale barabarani, alipaswa kusimama."

Hakimu aliandika. Wakili wa bima aliitazama karatasi yake, akaigeuza, akaketi.

Breki alimtafuta mkewe kwa macho. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama wakili wao, kutaka kujua kama limekaa sawa, na wakili akaitikia kwa kichwa.

Kabla ya mchana upande wa pili waliomba wazungumze nje. Walisimama kwenye korido na wakili, wakajitenga kushauriana na kurudi kwake mara mbili, na ya pili wakakubali kubeba matibabu yote, upasuaji pamoja, na kazi aliyoikosa. Wakili alikuja kulieleza hilo kwa fundi, si kwa Breki, akainama ili asimlazimishe kunyanyua shingo. Fundi alimshukuru kwa mikono miwili. Breki alimshukuru pia, kwa mkono mmoja, na akamaanisha.

Walitoka polepole, yeye akienda kwa mwendo wa mkewe. Getini fundi alisimama.

"Mwalimu, bado una wivu."

"Ninao."

"Na wa nini sasa? Kesi imekwisha, hatakuja tena."

"Najua. Ninao tu."

Fundi alimtazama, nusu ana hasira bado, nusu anataka kucheka na anaogopa mbavu.

"Basi baki nao. Ila shika na huu mkoba," alisema. "Bega linauma."