Kadi Ndani ya Pindo

Shangazi yangu ni fundi wa nguo mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Benki ilipompa kadi ya mkopo, aliishona ndani ya pindo la gauni lake la kijani. Alisema akitaka kuitumia itabidi akae chini, ashike wembe, afumue, na mtu anayefumua hupata nafasi ya kufikiri. Tulimcheka tukachoka. Pasi nayo ikawa inakwepa upande ule, kwa hiyo gauni lilikuwa limenyooka mbele na kukunjamana nyuma.

Halafu shule ikamwagizia sare mia na ishirini, na wiki ileile cherehani yake ikakata roho. Mwenye nyumba naye alishaanza kuulizia kama chumba cha kushonea bado anakitaka. Akikosa kazi ile, chumba kimekwenda. Akiba yake ilitosha nusu ya cherehani mpya.

Baba, ambaye ni kaka yake, alimshauri adunduize kwanza. Mimi mwenye mdomo nikamwambia anunue leoleo. Akatujibu kwamba wote wawili tuna sauti nzuri, ila hakuna aliyemsaidia.

Akaenda benki na daftari. Alimuuliza karani maswali mpaka karani akalegeza tai: hesabu ya mwezi inafungwa lini, kulipa ni lini, na nikichelewa siku moja? Akagundua kwamba akinunua siku moja baada ya hesabu kufungwa, atakuwa na karibu siku hamsini kabla riba haijaanza kumtafuna. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kulipa sare zikifika. Basi shangazi akasubiri siku nne, akikata vitambaa tu, huku mimi roho juu.

Siku ya tano, kwenye duka la cherehani, alikaa juu ya katoni, akageuza pindo, akaanza kufumua taratibu. Muuzaji akaangalia dari kwa heshima. Uzi wa mwisho ulipokatika, shangazi akampa kadi.

Sare zilifika kwa wakati. Malipo hayakufika. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Shangazi aliendelea kututania kama kawaida, nami nikaamini hana wasiwasi. Shule ililipa zikiwa zimebaki siku mbili riba ianze, na siku hiyohiyo tukaenda benki akalipa deni lote. Karani akauliza kama angependa aongezewe kiwango cha mkopo.

"Mwanangu," akamwambia, "niliazima ngazi nifike darini. Sikusema nataka kuhamia juu yake."

Karani akacheka, mimi nikacheka. Tulipotoka nje alinishika mkono, nikajua kuna mzaha mwingine unakuja.

"Niliogopa," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa nafungua kile chumba nikijiambia huenda ndiyo mara ya mwisho. Na nyinyi mlikuwa mnacheka, nikaona aibu kuwaambia."

Nikachukua mkoba wake, tukatembea polepole mpaka kwake.