Gramu Mia Tisa za Eliana

Biasha binti Maneno amepika katika harusi za Rumonge tangu zile siku ambazo ukipita ufukweni wavuvi wanakutilia ndagala kwenye khanga bila kukuuliza pesa. Kwa hiyo watu wa proje, mradi wa lishe, walipofika mtaa wa Waswahili kutafuta mama wa kuwafundisha wenzake kupikia watoto, hawakuzunguka sana. Walimpa Biasha sufuria tatu, mizani ya kuning'iniza, utepe wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto, na kuni za siku kumi na mbili. Chakula chenyewe, walisema, kila mama alete: konzi ya ndagala, fungu la mboga ya lengalenga, kikombe cha unga, mawese kidogo. Walitaka mama aone kwamba kile kile cha nyumbani kwake kinaweza kumwinua mtoto, mradi ajue kukichanganya.

Sharti hilo lilimpendeza Biasha. Siku ya kwanza alisimama mbele ya mama kumi na wawili, khanga ameifunga kiunoni.

"Hapa kwangu hakuna kukaa kwenye mkeka mikono mitupu," alisema. "Mwenye kidogo alete kidogo. Mwenye kukaa tu akingoja, huyo aende msibani."

Walicheka. Mtu mmoja hakucheka, Dusabe, msichana aliyerudi na mume wake kutoka kambi za Tanzania, wakapanga kibanda kati ya michikichi ya watu. Mume, Melkiades, alikuwa mvuvi, na miezi ile ziwa lilikuwa limefungwa, uvuvi marufuku, mitumbwi yote iko nchi kavu. Dusabe alikuwa na mimba ya miezi minne, na kwa ajili ya mimba hiyo alikuwa amemwachisha ziwa Eliana wake, mwenye mwaka mmoja na miezi tisa.

Siku ya kwanza Dusabe alileta chumvi. Siku ya pili, chumvi. Siku ya tatu alipofungua karatasi yake, Fahima, muuza chapati wa pale jirani, akachungulia.

"Chumvi tena? Jamani, huyu anataka kutukausha kama samaki."

Mkeka mzima ulicheka, na Biasha naye alicheka, maana Fahima ana mdomo. Dusabe aliiweka chumvi yake kando ya mafiga, akamlisha mtoto vijiko viwili vitatu, akaondoka mapema. Tangu hapo, siku asiyokuwa na kitu hakuja. Katika siku kumi na mbili alikuja tano. Biasha aliliona pengo lake kwenye mkeka. Kila jioni alisema kesho nitapita kwake, na kesho yake palikuwa na mboga za kuchambua na soya ya kukaanga, hakupita.

Siku ya mwisho ilikuwa ya kupima, na wageni walikuja kutoka Bujumbura, wale wenye pesa. Jean Bosco, kijana wa proje, alimvuta Biasha pembeni.

"Bibi, nikuambie ukweli. Watoto kumi wakiongeza gramu mia nne, pesa ya mwaka mzima inakuja hapa. Wakiwa tisa, sufuria zinapanda gari, zinaenda kwa wenzenu wa Muhuta."

"Tisa ninao," Biasha alisema. "Nimewabeba mwenyewe, ninawajua."

"Basi iko moja tu imebaki."

Dusabe alikuja siku hiyo. Mtoto alikuwa amevalishwa gauni la kanisani na soksi nyeupe, mashavu yamejaa. Wanawake wakasema mashallah. Walimtia katika kile kikaptula cha turubai cha mizani, akaning'inia kimya, halii, hapigi mateke. Jean Bosco alisoma mara mbili.

"Gramu mia tisa! Huyu amewashinda wote."

Wageni wakapiga makofi. Mmoja alimpiga picha Dusabe, na Dusabe aliyekuwa akiona haya kukaa kwenye mkeka sasa alisimama katikati, amefunika mdomo kwa mkono, anacheka na kulia.

Biasha ndiye aliyemshusha mtoto. Alipompokea tu, mikono yake ilijua. Ulikuwa uzito wa nguo iliyolowa. Nywele zilikuwa nyepesi na nyekundu kama nyuzi za muhindi. Aliketi, akaishusha soksi kama mtu anayeitengeneza, akabonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, akahesabu moja, mbili, tatu, kama walivyofundishwa. Alipokitoa kidole, shimo lilibaki.

Hakuhitaji kufundishwa. Mwaka wa sabini na mbili alikuwa na miaka kumi na moja, alivuka ziwa kukimbilia Kigoma, nyuma watu wanauawa, amempakata mdogo wake Zubeir, naye mashavu yamejaa hivyo hivyo, na watu chomboni wanasema huyu mutoto anakula vizuri. Zubeir hakumaliza wiki huko ng'ambo.

Sasa Biasha alitazama mbele. Jean Bosco alikuwa akiandika. Wale mama kumi na mmoja walikuwa wakiangalia kalamu yake, na migongoni mwao watoto waliokuwa wamepata nguvu, waliokuwa wakivuta vitambaa vya kichwa vya mama zao. Neno moja la Biasha, na kumi inakuwa tisa.

Aliipandisha soksi.

Baada ya chakula, alijiambia. Wageni kwanza wale, waseme yao, waondoke, kisha nitamchukua.

Wageni walikula polepole. Walisifu sombe, yale majani ya muhogo, wakataka kujua imetiwa nini. Mmoja alihutubia kwa Kifaransa, Jean Bosco akageuza kwa Kirundi. Saa nzima ikapita, na nusu nyingine, Biasha akipakua huku anatabasamu, na Eliana amelala mapajani mwa mama yake bila kuamshwa na kelele zile.

Gari lilipotoweka, Biasha alimshika Dusabe mkono.

"Twende hospitali."

"Hospitali ya nini, bibi? Si umeona mizani?"

"Mizani imepima maji."

Alimwonyesha. Dusabe aliangalia lile shimo mguuni, akaangalia uso wa Biasha, akamnyanyua mtoto. Walipanda pikipiki moja, mtoto katikati yao.

Eliana alikufa asubuhi ya tatu. Muuguzi aliyekuwa naye, mtu mzima mwenye huruma, aliwaambia kwamba mtoto aliletwa amechelewa kwa siku nyingi, si kwa saa. Biasha alilipokea neno hilo, akalirudia njia nzima. Halikumsaidia. Zile saa na zile siku zote zilikuwa zake.

Baada ya wiki mbili habari ikaja kwamba pesa imepatikana. Fahima alipiga vigelegele barabarani. Biasha alichukua unga na sukari, akaenda kule michikichini.

Dusabe alikuwa ameketi chini, kisu mkononi, anachambua chikichi kwa kibarua.

"Karibu, bibi."

"Nimekuja kukuambia jambo." Biasha hakukaa. "Walipokuwa wakipiga makofi, nilikuwa nimeshaona. Nilibonyeza, nikaona, nikanyamaza mpaka walipokula wakaondoka."

Kisu kiliendelea kidogo, kisha kikasimama.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Kesho nitamwambia Jean Bosco."

"Usimwambie."

"Dusabe, mwanangu…"

"Usiniite mwanangu." Hakupandisha sauti. "Ukimwambia, wataondoa sufuria. Nitazaa mwezi wa kumi na moja, na ziwa hata likifunguliwa Melkiades hana nyavu, ameziuza. Huyu nitamlisha wapi? Utapika. Kila siku utapika, nami nitakuja kula kwako, nitakuangalia."

Biasha alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kisu. Aliuweka unga chini, karibu na chikichi, akasimama akingoja labda kuna neno jingine.

"Jumatatu mnaanza saa ngapi?" Dusabe aliuliza.

"Saa mbili."

"Haya."

Akainama, akaendelea na kazi yake.