Kidole Gumba Kwenye Mizani

Nilitazama chini kwa sababu kanga ilikuwa inaniteleza kiunoni. Ndipo nikauona mguu wa mpima mizani. Kidole gumba kilikuwa kimetoka nje ya kandambili na kukanyaga ukingo wa bao la mizani, nyuma ya kisigino changu, kimetulia kama mjusi anayeota jua. Mkono wa mizani ulikuwa umetulia pia, kwenye alama ileile ya juma lililopita na la kabla yake.

Mwenyewe alikuwa anatazama ziwa huku anapiga mluzi.

Nilichukua moja la yale mawe ya chuma ya mizani, nikaliinua kwa mikono miwili, nikalishindilia juu ya kidole kile kama ninayetwanga kisamvu.

Alipiga yowe hadi wauza sangara wa upande wa pili wakaacha kupanga bei. Ukucha uling'oka, damu ikatapakaa juu ya dagaa waliomwagika chini. Kisha akanirukia. Ngumi yake ya kwanza ilitua tumboni, kwenye kitovu, mahali pekee duniani ambapo mtu hakutakiwa kunigusa. Nikaona giza. Nilimng'ata mkono na sikumwachia mpaka makuli walipotutenganisha, na hata hapo walitutenganisha huku wanacheka.

"Si niliwaambia mama atagundua?" kuli mmoja akawapigia kelele wenzake. "Haya, soda yangu iko wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Walikuwa wanabetiana. Kila Jumamosi nilipopanda mizani ile walikuwa wanawekeana soda kama mama nanihii amepungua uzito au hajapungua, na mpima mizani, ambaye siku zote aliweka upande wa "hajapungua", alikuwa anahakikisha hashindwi.

Sasa nieleze nilikuwa natafuta nini juu ya mizani ya dagaa.

Baada ya uzazi wa pili nilipata ngiri ya kitovu. Ilikuwa ndogo, ikawa kama limau, halafu ikawa kama ngumi ya mtoto, na nikikohoa inatoka yote. Daktari aliibonyeza, akatikisa kichwa. "Nikikushona na mafuta haya nyuzi zitafumuka, mama. Punguza kwanza, halafu urudi." Akanipa tarehe ya mbali. Kurudi hospitali kila juma kwa ajili ya kupanda mizani tu haikuwezekana, maana siku hizo tulishaanza kuchangia gharama za kila kitu hospitalini, hadi kadi. Na ile mizani ya kliniki ni ya watoto, wanaoning'inizwa ndani ya kaptula. Mimi ningening'inizwa na nini?

Kirumba, pale soko la samaki la Mwaloni, nilikuwa naanika dagaa na kuwapelekea wafanyabiashara wa magunia. Mizani ilikuwepo. Nikaomba.

Mwanzoni mwili ulikubali. Niliacha chapati na chai ya sukari, nikakata ugali nusu, nikawa nabeba maji mwenyewe kupanda mlimani kwetu, kati ya majabali, badala ya kumlipa mwenye mkokoteni. Sketi zikawa zinazunguka kiunoni. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nimekanyaga waya, nina ukimwi, maana miaka ile mtu kukonda Mwanza ilikuwa ni sawa na kutangaza mazishi yake. Mama mkwe hakunong'ona.

"Mwanangu alioa mke," alisema, tena mbele ya wageni. "Hakuoa ufito."

"Shikamoo, mama," nikamjibu, kwa sababu jibu lingine lililokuwa mdomoni lingenirudisha kwetu.

Halafu uzito ukagoma. Atakayekuambia uvumilie hajawahi kulala njaa kwa hiari kisha asubuhi akaambiwa na chuma kwamba hakufanya kitu. Nilijitia moyo kwa njia nilizozijua. Nilijiambia hata mashine ya kusaga huzunguka bure kidogo kabla unga haujatoka. Nikapanda mlima mara mbili badala ya mara moja. Jumamosi, palepale. Nikaacha michembe ya viazi, nikaacha maharage, ugali ukawa tonge mbili na mboga ya majani. Palepale. Nilikuwa namchukia kila mtu anayetafuna. Siku moja nilimpokonya mume wangu panki la sangara alilokuwa anafyonza, yale mabaki tunayoachiwa sisi wakati minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, nikalitupa nje kwa mbwa. Alinawa mikono akaondoka. Nadhani aliogopa.

Na maziwa yakaanza kukauka.

Hapo ndipo hasira yangu inapoishi mpaka leo. Mtoto alikuwa hajaanza hata kukaa. Alikuwa ananyonya, anavuta, hapati kitu, ananing'ata kwa fizi na kulia mpaka sauti inakwisha. Mama mkwe alimchukua mikononi mwangu akampa uji mwepesi bila kuniuliza. Nilidhani mwili wangu ni mkaidi, kumbe ulikuwa unakwisha, na mimi bado naupunguzia.

Mtaniuliza kwa nini sikuona. Kila mwanamke wa Mwaloni anamjua mpima mizani yule. Akinunua, goti lake huinua pembe ya gunia. Akiuza, kidole chake hukanyaga. Tunapopima dagaa wetu hatutazami mizani, tunatazama miguu yake. Lakini mtu akiwa amesimama yeye mwenyewe juu ya bao hatazami miguu ya mwenzake. Anatazama mbele, anabana pumzi, anamwomba Mungu.

Siku ya ugomvi ule nilipelekwa hospitali nimeinama kama bibi kizee. Ngiri haikupasuka. Walinipima. Nilikuwa nimepungua, si kama nilivyoota, lakini nimepungua, na daktari alisema nimebakiza kidogo sana nishonwe. Kisha akaminya titi langu, akamtazama mtoto niliyeletewa kutoka nyumbani.

"Nani alikuambia ule hivi?"

"Mizani."

"Kula, mama. Leo hii ule."

Kituo cha polisi nilikuta mpima mizani amenitangulia kwa mkokoteni, kidole kimefungwa kitambaa.

"Huyu ndiye mlalamikaji," askari akasema. "Wewe ni mshitakiwa."

"Basi na mimi nalalamika. Amenipiga ngumi ya ngiri, na amenizidishia uzito."

Askari wawili walicheka mpaka mmoja akavua kofia. Ngumi waliiandika. Uzito, wakasema, si jinai, niende kwa watu wa ofisi ya vipimo.

Nikaenda, mjini Nyamagana, na mtoto mgongoni. Karani akaniuliza gunia langu lilipunjwa kiasi gani.

"Si gunia. Ni mimi."

"Mama, ile ni mizani ya biashara. Haikuwekwa kwa ajili ya watu."

"Kidole ni kilekile, kaka yangu. Magunia tu ndiyo hayasemi."

Akanisogezea karatasi. Kidato cha nne nilimaliza, sikuhitaji mwandishi. Niliandika hivi:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MPIMA MIZANI WA MWALONI. Mimi ni muuza dagaa na mama wa watoto wawili. Mtu huyu hukanyaga mizani kwa kidole cha mguu. Ameniibia uzito niliopunguza kwa jasho, na kwa ajili hiyo mwanangu amekosa maziwa. Kosa langu la kumponda kidole nitalijibia polisi, sitalijibia hapa. Naomba mizani ile ifungwe mpaka ikaguliwe, na wanaopima wavae viatu. Naomba jibu kwa maandishi. Nisipojibiwa nitarudi, na nitakuja na wanawake wa Mwaloni wote."

Karani alisema nimesahau "wako mtiifu". Nikamwambia sijasahau, nikatia sahihi.