Bango la Mti Hatari

Niliwadharau tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kuficha hilo sasa. Ofisi yao ilikuwa Randburg, ghorofa ya tatu, na ukuta wa mapokezi walikuwa wameufunika majani ya plastiki kuanzia sakafuni hadi darini. Mbele ya majani hayo waliketi watu wanaojiita walinzi wa misitu. Walikuwa wakiambiana kwamba misitu inaisha, wanakunywa kahawa, kisha wanaambiana tena.

Waliniita kwa sababu mimi ni mkalimani. Kazi zangu nyingi ni za mahakamani na hospitalini, kwa Wakongo, Warundi na Watanzania wenzangu tunaoishi huku Johannesburg. Safari hii walitaka bango la Kiswahili la kubandikwa La Rochelle na Rosettenville, mitaa tunakokaa wengi wetu, kwa kuwa walisikia magome ya mti fulani yanauzwa huko kama dawa. Mti wenyewe unaota kwenye misitu ya milimani, ile ya baridi, ukungu na mvua isiyokwisha, si misitu ya joto kama ya Kongo. Hapa wameupa jina la uvundo, maana ukiukata ungali mbichi unanuka. Kwetu Lushoto una ndugu yake anayeitwa mkulo, na baba yangu alipasua mbao za mkulo mpaka karibu na nyumbani hapakubaki wa kupasua. Kwa hiyo sikuhitaji kuonyeshwa picha ukutani ili nielewe maana ya mti kuisha.

Mkuu wa mradi, mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alinionyesha ngazi zao za hatari, kuanzia mti usio na shida hadi mti ambao haupo tena duniani. Akauliza kama Kiswahili kina maneno ya kutosha. Nikamwambia ngazi ya mwisho kabla ya kufa tunaiita mahututi. Akauliza kama hilo ni neno la kisayansi. Nikamjibu kwamba ni neno la wodini, na mgonjwa akishaitwa hivyo ndugu zake huitwa waje. Aliliandika kwenye daftari lake, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Mara moja tu walitupeleka msituni, mwendo wa siku nzima kwa kombi, eti tukauhisi mti. Walipofika wakaukumbatia mmoja baada ya mwingine huku wakipigana picha. Mtu pekee ambaye sikumdharau siku ile alikuwa askari wa misitu, mwanamume mfupi mwenye koti la mvua lililotatuka begani. Alinivuta pembeni akanionyesha miti mitano iliyokauka ikiwa imesimama, yote imevuliwa gome kuzunguka shina. Kisha akanipeleka kwenye mmoja uliokuwa mzima, mnene kiasi kwamba tungehitaji watu wanne kuuzunguka kwa mikono. Alisema katika bonde lake lote ndio mti mkubwa pekee uliobaki unaotoa mbegu. Mingine ni michanga, haijaanza kuzaa.

"Huu ukifa," akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "mimi nitabaki nalinda ukungu."

Akanipa namba yake na kuniomba nimtumie picha ya bango likitoka. Nikamwahidi, na nilikuwa na nia kweli.

Niliandika: MTI HUU UKO HATARINI KUTOWEKA. USINUNUE GOME LAKE. Baada ya siku chache, nikiwa kwenye teksi Midrand, tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, mchora mabango wao akaniandikia. Maneno ni mengi, yanaibana picha. Je, akiandika MTI HATARI kwa herufi kubwa, halafu hayo mengine ayapunguze ayaweke chini, kwani si maana ni ileile? Alikuwa ameniambatishia na picha ya bango. Sikuifungua. Nilikuwa nimewachoka, na nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu La Rochelle atakayesoma upuuzi wao. Nikamjibu neno moja, "Sharp," yaani sawa, nikairudisha simu mfukoni.

Lilisomwa. Ukisema muti Johannesburg, kila mtu anajua unasema dawa za kienyeji. Ndilo neno la Wazulu na mji mzima umelichukua. Wakongo nao mti wanautamka hivyohivyo, muti. Na Mtanzania akisema kitu ni hatari, mara nyingi anakisifu. Bango langu, lenye picha ya gome iliyopigwa kwa karibu, lilikuwa linawatangazia watu kwamba dawa kali imeingia mjini.

Wa kwanza kunisimamisha alikuwa jirani yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu.

"Grand, ile muti ya hatari inapatikana wapi? Bibi yangu mugongo inamusumbua sana." Bibi, kwake, ni mke, na Grand ni kaka mkubwa.

"Ile si dawa," nikamwambia. "Soma pale chini, wanasema usinunue."

"Njo maana iko na nguvu. Kama haina nguvu, banaikataza juu ya nini?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa Tanga anayeuza mizizi na magome kwenye meza yake kando ya spaza, kiduka cha mtaani. Alinipokea kwa bashasha.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Watu wanakuja na picha kwenye simu, wananambia, 'Bi mkubwa, nipe hii.' Gunia limekwisha, nimeagiza jingine."

Nikamweleza tulichokusudia. Akanisikiliza mpaka mwisho, huku ananitazama kwa huruma.

"Kwa hiyo mlitaka kusema uko hatarini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi si mngesema."

Randburg niliwakuta wanakata keki. Bango la Kiswahili lilikuwa limepigwa picha na watu wengi kuliko mabango yao yote. Nilimweleza yule mama mara mbili tofauti ya hatari na hatarini, na masikio ya mji huu yanasikia nini kwenye neno mti. Hakubishana nami. Alifungua simu yake akanionyesha jibu langu, lile "Sharp". Roho iliniuma, na nikazidi kuwachukia kwa sababu walikuwa sahihi. Wakaahidi kuyabandua mabango hayo, na wakayabandua kweli, lakini picha zilishasambaa kwenye simu za watu.

Yule askari sikuwa nimemtumia picha. Alinipigia mwenyewe, asubuhi moja ya mvua. Watu wawili waliingia bondeni na mapanga. Mmoja alikimbia, mwingine askari akamkamata. Ule mti mkubwa walikuwa wameshauvua gome, kuanzia mizizini hadi juu ya kimo cha mtu, kuuzunguka wote. Kwenye simu ya yule aliyekamatwa kulikuwa na picha ya bango, ametumiwa kutoka Johannesburg na mnunuzi wake wa magome. Ndiyo waliyotumia kulitambua shina.

"Lugha ni ya kwenu," akasema. "Pameandikwa nini?"

Nikamjibu, "Pameandikwa kwamba mti huu uko hatarini."

Nilisikia mvua ikigonga bati upande wake.

"Basi wamesoma hivyo, na bado wakanunua," akasema. "Watu wako ni watu wa namna gani?"

Nilimfikiria fundi na mgongo wa mkewe, nikamfikiria mama wa Tanga. Neno moja tu, lile "Sharp" langu, lingetosha kumweleza. Nikamwambia kwamba hata mimi wananishangaza.