Mpaini wa Babu

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu bembea za maji za Dar es Salaam. "Baba, likizo hii twende?" Nilishtuka, kwa sababu pua yangu ilinusa utomvu wa mpaini, harufu ya utotoni mwangu.

Nilikuwa darasa la pili, Njombe. Wiki nzima mimi na dada yangu tulipanga safari ya kwenda kwenye bembea kama hizo, hata masweta tulishayakunja, tukidhani Dar nako kuna baridi. Mchana mmoja msumeno ulinguruma nyuma ya nyumba. Mpaini mkubwa wa Babu ukaanguka, ardhi ikatetemeka. Nilipiga makofi, maana sasa barabara ya Makambako, njia ya kwendea Dar, ilionekana, nikadhani Dar imesogea.

Mama alitoka jikoni, mikono imejaa unga, akamwambia Babu, "Baba, si ulisema huo ni wa jeneza lako?"

"Nimeshauuza. Watoto wakaone bembea," Babu alijibu, akijipangusa vumbi la mbao. "Mimi sina haraka."

Mama alijishika kichwa. Nikadhani kinamuuma.

Tulikwenda, tukacheka mpaka sauti zikakauka. Masika yaliyofuata, mbao za jeneza la Babu tulizinunua Makambako.