Msimu wa Kuruka Ukuta

Mwaka ule ilipotangazwa kwamba shirika letu linauzwa, sikuweza kutulia mahali pamoja. Nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya shirika, pale Dodoma, na karani wa stoo kwa jina tu. Sisi wachezaji tuliajiriwa kwa miguu, si kwa vyeti. Mnunuzi alikwishasema: timu ikibaki ligi kuu, ataichukua pamoja na watu wake, ikishuka daraja, kila mtu ashike njia yake.

Msimu mzima nilicheza nikihesabu pointi. Tukifungwa, kesho yake nawafokea watu stoo. Tukishinda, nawafokea vilevile.

Mechi ya mwisho tulikuwa nyumbani, na hata sare ingetuokoa. Asubuhi yake tukaitwa na kamati ya ufundi, yaani wale wazee wetu wa mambo ya dawa. Wageni wamefukia kitu getini, wakasema, asipite mtu.

"Shikamooni, wazee wangu," nikasema. "Lakini uwanja si wetu? Walinzi si wetu?"

"Marahaba. Utaruka ukuta, kijana."

Basi tukaruka, na jezi zetu mwilini, mashabiki wakishangilia kana kwamba tumeshafunga bao. Mshambuliaji wetu, rafiki yangu niliyepanga naye chumba kimoja, ndiye aliyefunga karibu mabao yetu yote msimu ule. Akatua vibaya juu ya jiwe. Kifundo cha mguu kikalia, nami nikakisikia. Nimemwinamia hivyo, nikainua macho: upande wa pili wa uwanja wageni nao walikuwa wanaruka ukuta, mmoja mmoja, wakiogopa dawa yetu. Geti lilikuwa wazi, halina mtu. Nilitamani kumpiga ngumi mtu yeyote, sikujua nianze na nani.

Tulifungwa moja bila. Mara mbili mpira ulikatiza mbele ya goli lao, pale pale ambapo angekuwapo yeye.

Jioni nikaenda hospitali. Redio ya wodini ilikwishampa matokeo. Nilimkuta kalala chali, mguu kwenye plasta, nikasimama kando ya kitanda.

"Pole, ndugu yangu," nikajikaza. "Daktari kasema mguu utapona kabisa."

Akautazama mguu wake.

"Upone uende wapi?"